Mwenye nyumba akighairi kuuza, dalali ana haki gani?



Ukipita katika mitaa ya Tandika, Buguruni au Manzese hapa Dar es Salaam, hutakosa kuona ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi". Aghalabu maandishi hayo huwekwa kwa kuogopa matapeli, au huwekwa na ndugu mmoja anayetaka kuwazuia wenzake wasiuze mali ya urithi. Lakini nyuma ya baadhi ya kuta hizo yupo mtu ambaye hatumkumbuki. Huyo ni dalali aliyeambiwa mwezi uliopita kwamba nyumba hiyo hiyo inauzwa. Akatoa nauli, akanunua vocha, akazungusha watu juani, kisha siku moja akapita na kukuta rangi haijakauka.

Je, mtu huyu anadai chochote? Swali hili nimeulizwa mara nyingi baada ya darsa, na mara zote nililijibu kwa sentensi moja: hakuna mauzo, hakuna ujira. Niliendelea kulijibu hivyo mpaka lilipoingia nyumbani kwetu. Kwa kuwa niliwajibu watu hadharani, naona ni wajibu wangu kujisahihisha hadharani vile vile.

Baba yetu (Allah amrehemu) alipofariki aliacha nyumba Tandika. Ni nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Warithi ni mama yetu, sisi watoto wa kiume wawili na dada zetu wawili. Baada ya kulipa madeni ya marehemu, sisi watoto wanne tulikubaliana kuiuza ili kila mmoja achukue fungu lake. Mama tulimweleza siku ya kikao. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliinuka akaenda kuswali alasiri, nasi tukauhesabu ukimya wake kuwa ni ridhaa.

Mimi ndiye mkubwa, tena ndiye ninayeitwa ustaadh katika familia, hivyo ndiye niliyekwenda kwa dalali. Nilimkuta kijiweni kwake na maneno yangu yalikuwa haya: "Ukituuzia nyumba hii, asilimia tano ni yako." Hatukuandika popote, tulipeana mikono tu. Katika muda wa miezi mitatu alileta watu tisa. Wengine walikuja kutazama tu, wengine walitaja bei za kutuchekesha. Yule wa tisa, mfanyabiashara aliyekusudia kuvunja na kujenga fremu za maduka, alifika shilingi milioni 96 na sisi tukaridhika. Kabla ya kutoa fungu la dalali, mirathi ilikuwa nyepesi kama hesabu ya darasani: mama thumni yake, milioni 12, na milioni 84 zinazobaki, kila mtoto wa kiume milioni 28 na kila wa kike milioni 14. Sitaficha kwamba zile 28 nilikuwa nimeshaanza kuzipangia matumizi.

Siku mbili kabla ya kwenda kwa mwanasheria, mama alituita. "Mimi sikuolewa na milioni kumi na mbili," alisema. "Niliolewa nikaletwa katika nyumba hii, na jeneza langu litatokea mlango huu huu." Hakuna aliyejibu. Jioni ile nikampigia dalali simu kwamba nyumba haiuzwi tena.

Asubuhi alikuja mwenyewe, akakaa barazani. "Ustaadh, mteja nimeleta, bei mmeikubali, pesa anayo. Kughairi kumetoka kwenu, hakukutoka kwake wala kwangu. Naomba asilimia tano yangu." Asilimia tano ya milioni 96 ni milioni nne na laki nane. Mdogo wangu akamkata: "Umeuza? Hujauza. Basi hakuna kitu." Nami, badala ya kumtuliza mdogo wangu, nikamuunga mkono kwa fiqhi. Nikamweleza yule mzee kwamba makubaliano yetu yanaitwa ju'ala, na kwamba katika ju'ala mfanyakazi hastahiki kitu mpaka kazi ikamilike. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia yake na kuinuka. "Ijumaa iliyopita," alisema, "ulitufundisha habari ya jasho la kibarua." Akaondoka.

Nilifadhaika. Usiku ule nikamwendea sheikh wangu wa tangu utotoni na kumsimulia yote, pamoja na jibu langu. Aliuliza jambo moja: "Mwanangu, umeusoma mlango wote, au umeusoma mstari unaokufaa?" Kisha akaniambia nifungue kitabu tusome pamoja.

Kwanza, ndugu msomaji, tuondoe dhana kwamba udalali wenyewe ni kazi ya aibu au ya haramu. Imam Bukhari katika sahihi yake ameweka mlango mahususi juu ya ujira wa dalali, ndani ya kitabu cha ijara. Hapo anawataja wakubwa wa tabiina, Ibn Sirin, Ata, Ibrahim an-Nakhai na Hasan al-Basri, kwamba hawakuona ubaya katika ujira huo. Katika sunan imepokewa kutoka kwa sahaba Qays bin Abi Gharaza (r.a.) kwamba pale Madina watu wa kazi yake walikuwa wakiitwa masamasira, yaani madalali. Mtume (s.a.w.) akawapa jina lililo bora kuliko hilo, akawaita wafanyabiashara. Pia akawausia waichanganye biashara yao na sadaka, kwa kuwa maneno ya upuuzi na viapo huiingia. Madalali wetu wa leo wanauhitaji sana usia huo, na sisi tunaowatuma pia.

Makubaliano ya dalali wa nyumba mara nyingi huwa ni ju'ala: mtu anaahidi malipo maalumu kwa atakayemtimizia jambo fulani, bila kujali litachukua siku ngapi. Wanazuoni huitolea dalili kwa kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), aya ya 72 ya sura yake, pale ilipotangazwa kwamba atakayelileta pishi la mfalme atapata shehena ya ngamia. Hutaja pia kisa mashuhuri, kilichomo katika Bukhari na Muslim, cha masahaba waliomsomea Suratul Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na nge kwa ahadi ya kundi la kondoo. Alipopona wakapewa, na Mtume (s.a.w.) akaliridhia.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeishia mimi. Mganga hulipwa mgonjwa akipona. Mtafuta mali iliyopotea hulipwa akiileta. Dalali hulipwa nyumba ikiuzika. Ni kweli. Na Imam Nawawi katika Minhaji, kitabu ambacho makadhi na masheikh wa pwani yetu wamekitegemea kwa miaka mingi, anasema kwamba aliyetumwa kumrudisha mtumwa aliyetoroka, mtumwa huyo akifia njiani au akitoroka tena, hapati kitu. Huo ndio mstari niliomsomea dalali wetu barazani.

Lakini mstari huo unazungumzia kazi iliyoshindikana kwa kadari, bila ya mtu kuivunja. Mfano wake kwetu ni mnunuzi kughairi, au kufilisika, au kufariki. Katika hali hizo dalali amepata hasara ya kazi yake, kama mvuvi anayerudi na mtumbwi mtupu, na hana wa kumdai. Mlango wenyewe hauishii hapo. Imam Nawawi anaendelea kueleza habari ya kuvunja makubaliano. Ju'ala ni mkataba usiomfunga yeyote kati ya wawili, kila mmoja anaweza kuuacha kabla kazi haijakamilika. Mwenye mali akiuvunja kabla mfanyakazi hajaanza, hakuna anachodaiwa. Mfanyakazi akiacha mwenyewe baada ya kuanza, naye hapati kitu, kwani amejitupia kazi yake mwenyewe. Ama mwenye mali akivunja baada ya mfanyakazi kuanza, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Imam Shafii, anawajibika kumlipa ujira wa mithili kwa kazi iliyokwisha kufanyika.

Ujira wa mithili maana yake ni kile ambacho watu wa kazi hiyo, mahali hapo, hulipwa kwa kazi kama ile. Si lazima ulingane na malipo yaliyoahidiwa. Yale yalifungwa na kukamilika, na kukamilika hakukutokea. Lakini pia hauwi sifuri, kwa sababu jasho limetoka kwa idhini yako na wewe ndiye uliyelikata njiani.

Nilipofika hapo nilimwangalia sheikh, naye akawa anatazama pembeni kwa kunistahi.

Kwa uadilifu niseme kwamba ndani ya madhehebu yetu ipo kauli nyingine inayosema halipwi, na ndiyo maana Imam Nawawi alilazimika kusema ipi iliyo sahihi zaidi. Mahanbali wanakwenda na rai hiyo hiyo ya ujira wa mithili. Wafuasi wa Imam Malik ni wakali zaidi kwa mwenye mali: wao wanasema mfanyakazi akishaanza, aliyeahidi amefungika na hana ruhusa ya kughairi, ingawa mfanyakazi yeye yuko huru. Kwa upande wa Mahanafi, Majalla, ile sheria iliyotungwa na dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876, inaeleza kwamba dalali aliyeizungusha bidhaa bila kuiuza, kisha mwenyewe akaiuza, hana haki ya kudai. Akiiuza dalali mwingine, ujira wote ni wa huyo wa pili. Hii inafaa waisikie wenye tabia ya kugawa nyumba moja kwa madalali watano, kisha kila mmoja anakuja na dai lake. Wote wajue tangu mwanzo kwamba wanashindana.

Sasa ndugu msomaji, angalia jinsi neno moja linavyobadilisha hukumu yote. Mimi nilisema "ukituuzia". Malipo niliyafunga na kuuza, na kuuza hakukukamilika, hivyo ile asilimia tano haikusimama. Lakini lau ningesema "ukituletea mnunuzi wa milioni tisini na kuendelea", mambo yangekuwa mengine kabisa. Mnunuzi aliletwa, bei ilifika, pesa alikuwa nayo. Kazi aliyoahidiwa malipo ingekuwa imekamilika siku ile ile tulipokubali bei, na kughairi kwetu baadaye kusingempunguzia hata shilingi. Angetudai milioni nne na laki nane kamili. Katika Kiswahili chetu cha kijiweni maneno haya mawili tunayatumia kama kitu kimoja. Leo tunasema "niuzie", kesho "nitafutie mteja", na dalali anasikia lile linalomfaa. Kila mmoja anarudi nyumbani na mkataba wake kichwani. Aya ya kwanza ya Suratul Maidah inatuamrisha waumini kutimiza mikataba. Utatimizaje mkataba ambao wawili hamjakubaliana unasemaje?

Sheikh aliniuliza swali la pili, nalo ndilo lililoniuma. "Huo ujira wa mithili utatoka wapi?" Nikajibu haraka: utoke katika mali ya urithi, maana nyumba ni ya wote. Akauliza: "Mama yako alimtuma dalali?"

Hakumtuma. Sisi tulichukua ukimya wake. Na Imam Shafii anajulikana kwa kanuni kwamba aliyenyamaza hawezi kubebeshwa kauli ambayo hakuitamka. Ukimya unaotosha kuwa ridhaa ni ule wa bikira anapoulizwa juu ya ndoa, nao umekuja kwa dalili yake maalumu. Haukuja kwa mjane anayeuziwa nyumba aliyolelea wanawe. Thumni ya nyumba ile ni milki yake. Hakuna mtoto, hata awe mkubwa kiasi gani, anayeweza kuitangazia bei bila ya kauli yake. Aliyeuza mali ya mwenziwe bila idhini wanazuoni humwita fudhuli, na mimi ustaadh nilikuwa nakaribia kuwa mmoja wao.

Basi nani anadaiwa? Katika mlango ule ule Imam Nawawi amelitaja jambo hili kwa mfano wa mtu wa nje. Mtu asiye na milki akitangaza kwamba atakayemrudisha mtumwa wa Zaidi atapata kitu fulani, na mtu akamrudisha, anayedaiwa malipo ni yule aliyetangaza, hadaiwi Zaidi. Deni liko juu ya ulimi uliotamka. Mama hakutamka. Dada zangu walikubali kuuza, lakini hawakwenda kijiweni wala hawakutaja asilimia. Mdogo wangu alikuwepo barazani siku ya kukataa tu. Aliyesema "asilimia tano ni yako" ni mimi. Nikatoka kwa sheikh nikiwa na deni ambalo sikuwa nalo nilipoingia.

Mdogo wangu hakuridhika. Yeye amesoma sheria kidogo na hoja zake hazikuwa za ovyo. Alisema mahakamani dalali yule angeshindwa, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo asili yake ni ile ya India ya mwaka 1872, inasema kwamba pasipo makubaliano maalumu wakala hastahiki malipo mpaka kazi aliyopewa imekamilika. Sheria hiyo hiyo inamlinda wakala pale alipopewa kazi kwa muda maalumu kisha akanyang'anywa kabla ya muda bila sababu ya kutosha, lakini sisi hatukutaja muda.

Akanipa na kesi mashuhuri ya Uingereza, Luxor dhidi ya Cooper, iliyoamuliwa na baraza la juu la mabwana mwaka 1941. Wakala aliahidiwa paundi 10,000 iwapo majumba ya sinema yatauzwa kwa mtu aliyemleta. Mnunuzi akapatikana, wenye mali wakaghairi, wakala akashtaki. Akashindwa. Majaji walisema wakala wa namna hiyo amekubali bahati yake mwenyewe: ujira wake ni mkubwa kwa sababu unaweza usipatikane kabisa. Mmoja wao akakumbusha kwamba paundi 10,000 ndiyo yaliyokuwa malipo ya Lord Chancellor, wakati huo mkubwa wa majaji wa huko, kwa mwaka mzima, na huyu anazitaka kwa kazi ya siku nane au tisa.

Nakiri kwamba hoja hiyo ina uzito. Asilimia tano ya bei ya nyumba haikukadiriwa kwa mnasaba wa nauli na vocha. Imekadiriwa kwa kuhesabu zile nyumba kumi ambazo dalali atazihangaikia na zisiuzike. Ndani yake mna malipo ya kubahatisha. Ndiyo maana fiqhi pia haikumpa dalali wetu asilimia tano nzima, na katika hilo majaji wa Uingereza na Imam Nawawi hawakupishana. Walipopishana ni katika sehemu ndogo iliyobaki: Mwingereza anasema sifuri, Imam Nawawi anasema lipa kazi iliyofanyika. Nikamkumbusha mdogo wangu hadithi ya Mama wa Waumini Ummu Salama (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alitahadharisha kwamba huenda mmoja wa wagomvi akawa fasaha zaidi wa hoja kuliko mwenzie, akahukumiwa kupewa haki ya ndugu yake, na anachokatiwa ni kipande cha moto. Yule mzee hakuwa fasaha. Mimi ndiye niliyekuwa fasaha, kwa Kiarabu cha kuazima.

Kabla sijaeleza tulivyomaliza, yapo mambo mawili matatu yanayoulizwa pamoja na hili.

La kwanza ni kumruka dalali. Mwenye nyumba anatangaza kwamba ameghairi, kisha baada ya mwezi anamwuzia kimya kimya mteja yule yule aliyeletwa na dalali. Huku si kughairi. Kazi imekamilika kwa mkono wa dalali, na maneno "haiuzwi tena" yalikuwa hila ya kumla haki yake. Kwa ninavyoona mimi mtu huyo anadaiwa asilimia yote kama walivyoafikiana, na mnunuzi aliyeshirikiana naye ana sehemu yake katika dhulma hiyo. Ama akighairi kwa kweli, na baada ya mwaka au miwili akauza kwa mtu mwingine kabisa, dalali wa mwanzo hana dai jipya.

La pili ni cha juu. Mwenye nyumba anasema nataka milioni 90, dalali anamwambia mnunuzi milioni 97, saba anatia mfukoni. Wapo wanaosema Uislamu umeruhusu, na wanataja kauli ya Ibn Abbas (r.a.) aliyoinukuu Bukhari katika ule mlango wa ujira wa dalali, kwamba hapana ubaya kumwambia mtu auze nguo kwa bei kadhaa na kinachozidi kiwe chake. Naam, lakini anayesema maneno hayo pale ni mwenye nguo. Yeye amejua na ameridhia. Dalali anayejipa ruhusa hiyo mwenyewe, tena huku akichukua asilimia upande wa pili, amekula amana. Na madalali wengine, kwa kuogopa nyumba kuondolewa sokoni, ndiyo hukimbilia cha juu kama kinga yao. Dhulma ya mwenye nyumba inazaa dhulma ya dalali.

La tatu ni kwa madalali wenyewe. Mnapoitwa kuuza nyumba, ulizeni kwanza nani mwenye nyumba. Ikiwa ni ya mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ya ridhaa ya mwenziwe. Ikiwa ni ya urithi, ombeni kuwaona warithi wote, wazee wa kike wakiwa wa mwanzo. Dalali wetu hakuomba kumwona mama. Aliniona mimi na kanzu yangu, akaona inatosha.

Turudi kwenye deni. Ujira wa mithili haukadiriwi na mdaiwa wala mdai peke yake, unaulizwa kwa watu wa kazi. Tuliwatafuta madalali wawili wazee, mmoja wa Temeke na mmoja wa Kariakoo, ambao hawakuwa na jambo katika kadhia yetu. Tukaketi nao na dalali wetu akiwepo. Wakahesabu: wateja tisa, safari walizokuja na walizorudi, simu, karatasi za matangazo alizobandika, na zile siku mbili alizoshinda ofisi ya serikali ya mtaa kuthibitisha mipaka ya kiwanja. Wakasema pia kwamba katika siku hizo alikuwa akiwatembeza baadhi ya wateja hao hao kwenye nyumba nyingine, kwa hivyo si saa zote za miezi mitatu zilikuwa zetu. Mmoja akasema laki tano, mwingine akasema laki nane. Wakavutana kidogo, wakakutana kwenye laki sita na nusu.

Dalali wetu alinuna. Milioni nne na laki nane kuja kuwa laki sita na nusu si jambo la kufurahisha, na nadhani moyoni anaamini hadi leo kwamba tulimpunja. Nilimsomea Minhaji yote safari hii, pamoja na mistari inayonibana mimi. Akasema yeye hakusoma, lakini wazee wenzake wameamua na anakubali. Kisha akauliza kama mama yupo amsalimie. Walikaa uani muda mrefu, na nikamsikia mama akimwomba radhi kwa maneno ambayo mimi nilipaswa kuyasema mapema.

Mdogo wangu alijitolea kuchangia, nikamwambia si wajibu wake ila akitaka ni hiba. Alitoa laki moja. Mimi nimeshalipa laki tatu kutoka katika mshahara wa ualimu, na mbele ya wale mashahidi wawili tuliandika kwamba laki mbili na nusu zilizobaki nitazimaliza kabla ya Ramadhani, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.